Mtu wa Kuangalia Pumzi

Katika miaka yangu yote ya kazi ya nusukaputi, wagonjwa walionitia hofu hawakuwa mahututi. Mahututi huja na jeshi lake: daktari wa upasuaji yupo, wauguzi wapo, damu imeshaagizwa, na kila aliye chumbani amekaza macho. Niliyemwogopa ni mtoto mwenye afya yake aliyeletwa kwa jambo dogo. Jino. Bandeji ya kubadilishwa. Picha ya kichwa. Huyo hupelekwa chumba cha pembeni, mbali na thieta, na mtu husema bila wasiwasi: ni kazi ya dakika 10, mpe kitu kidogo alale.

Historia ya vifo vya nusukaputi ilianza na mtoto wa namna hiyo hiyo. Hannah Greener alikuwa msichana wa miaka 15 katika kijiji cha Winlaton, karibu na Newcastle, Uingereza. Tarehe 28 Januari 1848 alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Dakika chache baadaye alikuwa maiti. Dawa yenyewe ilikuwa na miezi michache tu tangu daktari James Simpson aitangaze kule Edinburgh, na wakubwa wa tiba wakaanza kuvutana. Simpson alishikilia kwamba msichana alipaliwa na maji na brandi aliyotiwa mdomoni ili azinduke. Daktari John Snow akajibu kwamba tatizo ni kitambaa: ukimimina klorofomu kwenye leso na kumshikia mtu puani, huna njia ya kujua mvuke kiasi gani unaingia. Mwalimu wetu alitusimulia kisa hicho wiki ya kwanza ya masomo, na hakujali sana nani alishinda ubishi. Alitaka tushike jambo moja, kwamba Hannah hakuwa mgonjwa. Alikuja kwa ajili ya ukucha.

Ninaishi Riruta, upande wa Satellite, huku Dagoretti jijini Nairobi, na majirani wanajua nilikuwa nafanya kazi gani. Wanakuja jioni na karatasi mkononi. "Sista, hebu niangalilie hii. Mtoto ameandikiwa MRI na wamesema watamlaza usingizi. Nimpeleke ama nisimpeleke?" Swali hilo nimeulizwa na mama anayeuza sukuma wiki pale stejini Kawangware 46, na nimeulizwa na baba aliyeegesha gari kubwa langoni akitokea Kileleshwa. Dagoretti ndivyo ilivyo. Jimbo la Dagoretti Kaskazini lina Kilimani na Kileleshwa ndani yake, na lina Kawangware na Gatina. Upande mmoja kuna majengo ya vioo yenye vituo vya picha na kliniki za meno zenye kiyoyozi. Upande mwingine, ukifuata Naivasha Road, kuna kliniki ghorofa ya kwanza juu ya duka la simenti na misumari.

Watu hudhani hatari iko upande wa misumari na usalama uko upande wa vioo. Mimi sikuona hivyo. Nimeona chumba chenye rangi iliyobambuka ambamo mtoto alilindwa kama inavyotakiwa, na nimeona chumba kinachong'aa ambamo mtoto alilala peke yake huku kila mtu akitazama skrini ya mashine.

Nianze na vidonda vya moto, maana ndivyo vilivyonifunza kazi. Nyumba za chumba kimoja Kawangware, Gatina na Ngando hupikia sakafuni. Jiko liko chini, sufuria ya uji iko juu yake, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushikilia kila anachokiona. Uji hushika ngozi kuliko maji. Kifua, bega, mkono mmoja, wakati mwingine shingo. Siku ya kwanza ya kuungua ni mbaya, lakini siku zinazofuata ndizo zinazomvunja mtoto, kwa sababu bandeji lazima ibadilishwe, na inapobanduliwa hutoka na kilichoanza kupona.

Nilipoanza kazi, mtoto wa namna hiyo alishikwa. Watu wanne: mmoja miguu, mmoja mikono, mmoja kichwa, wa nne akibandua. Mama aliambiwa asubiri nje, akasikia kila kitu kupitia mlangoni. Kufikia mara ya tatu mtoto alianza kulia akiona tu korido. Nasema haya kwa sababu kuna watu wakisikia kwamba dawa ya usingizi ina hatari, wanaona afadhali isitumike kabisa. Kumshika mtoto kwa nguvu pia ni madhara. Nimewaona watoto waliokuwa wakitetemeka wakiona koti jeupe miezi mingi baada ya kidonda kufunga.

Ketamini ndiyo iliyobadilisha mambo. Mkemia Calvin Stevens aliitengeneza Marekani mwaka 1962, ikaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa mwaka 1970, na tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sifa yake kubwa ni kwamba inaondoa maumivu na fahamu bila kuizima pumzi kwa wepesi kama dawa nyingine nyingi. Haihitaji mashine ya gharama, na umeme ukikatika haikatiki nayo. Kwa hospitali za kwetu hiyo ni neema. Lakini sifa hiyo hiyo imewafanya baadhi ya watu waizoee mno, wakaanza kuidunga na kugeuka kwenda kufanya shughuli nyingine.

Acha nieleze ilivyokuwa inafanyika pale ilipofanyika vizuri. Mtoto hukaa mapajani mwa mama mpaka macho yabadilike. Hayafumbi. Yanabaki wazi, mboni zikicheza polepole kushoto na kulia, na mama asipoambiwa mapema atapiga ukemi akidhani mwanawe amekufa macho wazi. Tunamlaza, kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, kwa sababu kisogo cha mtoto mdogo ni kikubwa na kikiachwa hivi hivi huusukuma uso mbele na kuibana njia ya hewa. Mimi nakaa kichwani. Vidole vya mkono wa kushoto viko chini ya pembe ya taya, kiganja karibu na mdomo kisikie joto la pumzi. Stetoskopu imebandikwa kifuani kwa plasta na sikio langu moja limo humo muda wote. Kulia kwangu kuna maski na mfuko wa kupulizia hewa, nimeshaujaribu. Mashine ya kunyonya mate imewashwa na inanguruma, maana ketamini hujaza mate mdomoni. Muuguzi wa vidonda anamwaga maji ya chumvi na kubandua kidogo kidogo.

Siku moja aliniomba nimpe mkasi. Ulikuwa kwenye trei, hatua mbili kutoka nilipokaa. Nikamwambia amwite mtu mwingine. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, mikono yake ilikuwa imejaa. Muda mfupi baadaye nilisikia sauti nyembamba ya kuvuta, halafu kimya. Kifua cha mtoto kilikuwa bado kinahangaika, tumbo likizama, lakini hewa haikupita. Mate yalikuwa yamegusa nyuzi za sauti na koo limejifunga. Nilivuta taya mbele, nikanyonya mate, nikabana maski usoni na kusukuma oksijeni taratibu mpaka koo lilegee. Lililegea. Muuguzi aliinua macho kuuliza kama aendelee. Hakuwa amejua kwamba kuna kitu kimetokea.

Mtu mzima angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Mtoto mdogo hana. Kwa kila kilo ya mwili wake anatumia oksijeni karibu maradufu ya mtu mzima, na mapafu yake hayana akiba ya maana. Muda ambao mtu mzima angeendelea kuwa na rangi yake, mtoto anakuwa ameshageuka samawati na moyo umeanza kupunguza mapigo. Ndiyo maana nasema mambo yote mengine ya usalama, dawa ipi, sindano au ya kunywa, hospitali kubwa au ndogo, yanafuata nyuma ya moja: yupo chumbani mtu ambaye kazi yake pekee ni kuangalia pumzi? Si daktari anayeng'oa jino, wala fundi wa mashine ya picha aliye nyuma ya kioo. Ni mtu ambaye ukimwomba mkasi anakataa.

Na kazi hiyo haiishi bandeji inapofungwa. Hili nililiona kwa macho yangu sebuleni kwangu, jioni moja msimu wa mvua za masika. Mama mmoja jirani alipita kunionyesha picha za kichwa cha mtoto wake wa miaka 2 aliyekuwa na degedege. Walikuwa wametoka kituo kimoja cha picha mjini, wakakaa kwenye msongamano wa Ngong Road kwa muda mrefu, na mtoto alikuwa mgongoni amefungwa kwa leso. Mama alikuwa amefurahi. "Amelala vizuri, sista. Hata kelele za matatu hazijamwamsha."

Nilimwambia amfungue hapo hapo. Kidevu kilikuwa kimegusa kifua. Midomo ilikuwa imepoteza rangi, na pumzi zilikuwa zinakuja mojamoja, mbalimbali. Nilimlaza ubavu kwenye kochi, nikainua kidevu, nikamfinya sikio na kumwita kwa sauti. Akakoroma, akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine. Rangi ikarudi. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali, mimi kiti cha nyuma nimeshika taya ya mtoto njia nzima. Alitiwa oksijeni, akalala huko, asubuhi akaomba chai. Leo yuko shule na hana habari.

Baadaye mama alinieleza siku ilivyokwenda, na kila kipande kilikuwa cha kawaida. Kituoni hakupimwa uzito. Waliuliza umri wakakadiria. Alinyweshwa dawa, hakulala. Baada ya kama nusu saa mhudumu mwingine aliingia, akaona mtoto anacheza, akamwongezea. Hakuna aliyeandika dozi ya kwanza mahali wa pili angeiona. Picha ikapigwa, kisha wakaambiwa kitanda kinahitajika. Na asubuhi kabla hawajaondoka nyumbani, shosho kwa nia njema alikuwa amempa kijiko cha dawa ya mafua, ili "akifika asisumbue."

Mtu akitaka kujua watoto wanakufaje kwa dawa za usingizi, kisa hicho karibu kina kila kitu. Mwaka 2000 daktari Charles Coté na wenzake Marekani walichapisha uchambuzi wa ajali 95 za watoto waliopewa dawa za kutuliza. Walitafuta dawa mbaya, wakakuta ajali kwa kila aina ya dawa na kila njia ya kuitoa, ya kunywa, ya sindano, ya puani. Kilichojirudia kilikuwa kingine: dozi iliyozidi, dawa 3 au zaidi zilizochanganywa, dawa iliyotolewa nyumbani na asiye mtaalamu, na watu waliokuwepo kushindwa kumwokoa mtoto alipoacha kupumua. Matokeo mabaya kabisa yalikuwa mengi zaidi nje ya hospitali. Wengine walizimika ndani ya gari, wakienda au wakirudi. Dawa kama kloral haidreti, iliyotumika kulaza watu tangu 1869 na kupendwa sana kwa watoto wa picha na vipimo vya ubongo, hukaa mwilini mwa mtoto mchanga muda mrefu. Kituoni, kelele na kushikwashikwa humweka macho kidogo. Akishafungwa mgongoni kwenye joto la mama, hakuna wa kumsumbua tena, anazama.

Miaka 15 kabla ya uchambuzi huo, mwaka 1985, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa tayari kimetoa mwongozo wake wa kwanza. Kilichowasukuma ni vifo vya watoto 3 katika kliniki moja ya meno huko California. Meno tena. Mwongozo umerekebishwa mara kadhaa, na toleo la 2019 likakaza kamba upande wa kliniki za meno hasa: anayefanya kazi mdomoni hatoshi, lazima awepo mwingine mwenye ujuzi wa kumlaza na kumzindua mtoto. Ni kile kile cha mkasi, kimeandikwa kwa lugha ya kamati.

Kijiko cha shosho nacho hakikunishangaza. Huku kwetu dawa ya mafua ndiyo dawa ya usingizi ya nyumbani. Anayekaa Kawangware anajua kuna dei kea za chumba kimoja zenye watoto wengi na mlezi mmoja, ambamo chupa ya Piriton haikauki, maana mtoto aliyelala halii. Dawa za jamii hiyo humlevya mtoto, na zikikutana na dawa ya hospitali zinasukumana upande mmoja. Prometazini, inayopatikana kirahisi madukani, imewekewa onyo kali Marekani tangu 2004 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe, kwa sababu inaweza kuzima pumzi. Kwa hiyo sikuwahi kumuuliza mama, "Kuna dawa anatumia?" Jibu ni hapana daima, kwa sababu ya mafua haihesabiwi. Niliuliza, "Jana na leo amewekewa nini mdomoni?"

Vivyo hivyo kwa chakula. Hapa ndipo wazazi na hospitali hudanganyana sana, na lawama si ya upande mmoja. Mtoto akilala kwa dawa, koo hupoteza ulinzi wake. Tumbo likiwa na kitu kikapanda, kinaingia mapafuni. Kwa hiyo kuna muda wa kufunga: saa 2 kwa maji matupu, saa 4 kwa maziwa ya mama, saa 6 kwa uji, chai ya maziwa au mkate, na zaidi kwa chapati na nyama. Hayo si mengi. Tatizo ni kwamba mzazi huambiwa kwa mkato, "Asile chochote tangu usiku," kisha foleni inasogea, dharura inaingia, na mtoto anaitwa saa 8 mchana. Anakuwa amelia mpaka sauti imekauka. Ni mama gani atavumilia? Nimewahi kukuta maganda ya biskuti mfukoni mwa sweta la mtoto ambaye wote watatu, mama, baba na shangazi, walikuwa wameapa kwamba hajaonja kitu. Walijua wakisema ukweli wataambiwa warudi wiki ijayo, na nauli ya kuja tayari ilikuwa ya kukopa.

Mimi nilimwandikia kila mama karatasi ndogo: saa ya mwisho ya uji, saa ya mwisho ya maziwa, saa ya mwisho ya maji. Uongo ukapungua sana. Na uliobaki niliutafuta kwa kuuliza walioongozana naye, si mama peke yake. Ndugu mdogo wa miaka 5 ndiye shahidi bora niliyewahi kumpata.

Vifaa navyo vina sehemu yake. Kile kibanio kinachowaka mwanga mwekundu kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu, kilitokana na kazi ya mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970, na sidhani kuna chombo kilichookoa wagonjwa wengi wa nusukaputi kuliko hicho. Tangu 2011 shirika la Lifebox limekuwa likivisambaza katika nchi zisizojiweza. Mahali ambapo hakipo, mtoto asilazwe usingizi, basi. Lakini kina uongo wake wa kujulikana: mtoto akiwa anapewa oksijeni, nambari 98 inaweza kukaa pale pale huku pumzi zimeshakoma, ikaja kushuka wakati umekwisha. Kipimo cha hewa anayoitoa mtoto huwahi zaidi, ila vipimo hivyo ni vichache kwetu. Kiganja karibu na mdomo hakihitaji betri.

Kenya tunazo takwimu zetu, hatuna haja ya kuazima zote. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofuata watoto zaidi ya 6,000 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 24 nchini. Ndani ya saa 24 walifariki 0.8 kwa 100. Kufikia siku ya 7, 1.7 kwa 100. Hao ni watoto wa upasuaji, wengine waliletwa wakiwa taabani, kwa hiyo si haki kuwaweka kapu moja na wa jino na wa picha. Ila sababu zilizojitokeza ndizo ninazozisema: vifo vilizidi katika hospitali za ngazi ya chini, usiku na wikendi, na mahali ambapo ile orodha ya usalama ya kusomwa kabla ya kuanza haikusomwa. Orodha hiyo ni karatasi moja. Madaktari bingwa wa nusukaputi ni wachache, na kazi kubwa nchini inabebwa na matabibu na wauguzi waliosomea fani hiyo, wakiwemo wanaofundishwa hospitali ya Kijabe, pale juu ya Bonde la Ufa. Sijawahi kuona aibu kwamba si daktari bingwa aliyeshika taya ya mtoto. Aibu ni taya isiposhikwa.

Jambo ambalo wazazi hawaambiwi vya kutosha ni kwamba mara nyingi dawa haihitajiki kabisa. CT ya siku hizi huchukua sekunde chache. Watoto wakiwa na mama kando na simu yenye katuni, wengi hutulia muda huo. MRI ni ndefu na ina kelele, lakini kichanga cha wiki chache ukimnyonyesha ashibe, ukamziba masikio na kumfunga vizuri kwenye shuka, mara nyingi hulala mwenyewe mpaka picha iishe. Kidonda kidogo cha paji la uso kinaweza kupakwa dawa ya ganzi kikangojwa, kikashonwa mtoto akiwa mapajani. Haya yanataka subira, na subira ndiyo adimu kwenye kituo kinacholipwa kwa idadi ya picha. Daktari akisema mtoto alazwe, muulize kuna njia gani nyingine. Asikasirike, sheria inamtaka aeleze. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa au mlezi wake aelezwe hali, njia zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Fomu ya Kiingereza iliyosukumwa mbele yako pamoja na kalamu si maelezo.

Kuna pia hofu inayozunguka mitaani kwamba nusukaputi humfanya mtoto kuwa mzito wa akili. Hofu hiyo haikutoka hewani: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu watoto wa chini ya miaka 3 wanaolazwa zaidi ya saa 3 au mara nyingi. Lakini utafiti wa GAS, uliofuata watoto wachanga zaidi ya 700 wa nchi 7 waliopasuliwa ngiri, ulitoa majibu ya mwisho mwaka 2019. Walipofika miaka 5, waliolazwa usingizi kwa muda usiofika saa 1 walikuwa na akili sawasawa na waliochomwa ganzi ya mgongo wakiwa macho. Usimnyime mtoto tiba ya maana kwa hofu hiyo.

Na ikiwa ni dharura, mtoto ameumia vibaya au amekwamwa na kitu kooni, haya ya kuuliza maswali marefu yaache, mpeleke Hospitali ya Kenyatta, au penye chumba cha dharura karibu nawe. Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Kwa mambo mengine yote unao muda. Hakikisha mtoto amepandishwa kwenye mzani mbele yako. Sema dawa zote, hata ya mafua, na sema ukweli wa uji. Mtoto mwenye mafua mazito, au anayekoroma kila usiku kwa mafindofindo, mtaje mapema, maana njia yake ya hewa tayari ni nyembamba. Akimaliza, msiondoke mpaka ameamka mwenyewe, ameketi, amekunywa maji na kukuitikia kama kawaida yake. Wakitaka kitanda, kaeni kwenye benchi ya korido. Njiani asifungwe mgongoni. Mpakate uso ukiuona, kidevu kimeinuka.

Na kabla ya kusaini, uliza ni nani atakayemwangalia pumzi, na wakati huo ana kazi gani nyingine. Wakikuonyesha mtu, na mtu huyo akakujibu mwenyewe, saini. Wakikuambia, "Usijali mama, sisi sote tutakuwa tukimwangalia," mbebe mtoto wako mrudi nyumbani. Jino na picha vitangoja mpate mahali pengine.